Shule Yenye Lori

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kama kawaida kila mwenye lori amekumbuka ghafla kwamba turubai lake limetoboka. Karakana imejaa tangu asubuhi. Mimi na Sindano (ndivyo tunavyomwita mwenzangu, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake) hatukuinua vichwa kutoka kwenye cherehani mpaka alasiri.

Alasiri nikatumwa uani kumfungia dereva mmoja turubai lake jipya. Namalizia kamba ya mwisho, mvua ikazidi. Akaniambia, "Dada, panda ndani ujikinge, mimi nakwenda kulipa."

Nikapanda. Miaka yote hii nimeyashonea malori nguo, lakini sikuwahi kukaa mahali pa dereva. Baba ameendesha lori karibu maisha yake yote na hakunipandisha hata siku moja. Gari alikuwa analiacha kwa tajiri wake, anakuja nyumbani kwa miguu. Nikaweka mikono kwenye usukani. Mpana kama sinia ya kulia watu sita. Kioo kilikuwa kimejaa maji, sioni kitu, lakini nilijua barabara iko pale mbele, inaanzia getini kwetu na kwenda kokote inakokwenda. Niliomba dereva akute foleni ndefu.

Hakukuta foleni.

5 Machi

Mvua. Nimejichoma kidole kwa kuangalia getini.

8 Machi

Nimemwambia Sindano. Nilimwambia wakati cherehani yake inanguruma ili asisikie vizuri, akasikia.

"Ujifunze nini?"

"Lori. Lile refu, lenye tela."

"Wewe? Baiskeli yenyewe unashuka ukiona kuku."

Akacheka mpaka uzi ukakatika. Kisha, alipoona sicheki, akaniuliza nitalipa na nini. Nikamwambia: akiba yangu. Ile ya cherehani. Kila mtu hapa anajua kwamba naweka akiba ninunue cherehani yangu mwenyewe, nifungue karakana yangu, niache kushonea jina la mtu mwingine. Nimekuwa nikiisema ndoto hiyo kwa muda mrefu hata nimesahau kuiota.

"Leseni ya gari dogo unayo," akasema Sindano, "ya ile pikapu ya mizigo ya karakana. Usingekuwa nayo ningekwambia umerogwa. Sasa nashindwa nikwambie nini."

14 Machi

Nimezunguka shule zote tatu za udereva, nikitumia ruhusa ya kwenda kununua uzi.

Ya kwanza iko mjini, ghorofani, hatua chache tu kutoka nyumbani kwetu. Vigae vinang'aa, picha za malori ukutani, na kijana wa mapokezi mwenye maneno laini kama mafuta. Wiki chache tu unakuwa dereva, anasema. Nikauliza malori yako wapi. "Yako uwanjani, dada, usijali."

Ya pili ni meza chini ya kibanda. Mwenye meza hakutaka hata nijue kuendesha. "Lete picha mbili na hela. Wewe mwenyewe si lazima uje." Bei yake ndogo kuliko zote. Nimeondoka mbio.

Ya tatu iko mbali, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichokufa. Lori moja, kuukuu, rangi haijulikani tena, na tela lake. Mwalimu ni mama wa makamo, mnene, amevaa viatu vya mvua. Ada yake inameza akiba yangu yote na kulamba bakuli, na mafunzo yake ni msimu mzima. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kwa nini lori?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Ukipata jibu, uje," akasema, akarudi chini ya gari lake.

Nimerudi nyumbani nimelowa na hasira zangu. Yeye ni nani wa kuniuliza kwa nini? Natamani tu. Usiku nalala nasikia malori yakibadilisha gia kule kwenye kilima, na kitu kifuani mwangu kinabadilisha gia pamoja nayo. Hilo utalijibuje mbele ya mtu mwenye spana mkononi?

17 Machi

Nimemwambia Baba wakati wa chakula cha jioni. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, kwa hiyo hula polepole, akitafuta sahani kwa vidole. Vidole vikasimama.

"Hapana," akasema.

"Baba, sijakuomba ruhusa. Nakuambia."

"Na mimi nakuambia. Hapana."

Akasukuma sahani.

18 Machi

Hajala.

19 Machi

Amekula, ila ameomba chumvi kwa jirani badala ya kuniomba mimi.

21 Machi

Leo amesema. Nilikuwa namkata kucha.

"Unajua mama yako alipokufa mimi nilikuwa wapi?"

Najua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama aliugua ghafla, siku mbili tu. Watu wakaahirisha mazishi mpaka jua likaanza kuzama, wakimsubiri Baba, na mimi nikasimama pale njia panda mpaka shangazi akaja kunibeba. Akafika kesho yake. Daraja lilikuwa limesombwa na maji. Ndivyo alivyosema, ndivyo tulivyokua tukijua.

"Ndiyo maana hapana," akasema Baba. "Barabara inakula watu hata wasipopata ajali."

"Mama hakuwa barabarani. Mimi sikuwa barabarani. Sisi ndio tulioliwa, Baba, tukiwa tumekaa nyumbani tunasubiri."

Sijawahi kumwambia neno kama lile. Alivuta mkono wake, kucha mbili zimebaki.

26 Machi

Nimelipa shule ya ghorofani. Nimelipa nusu nzima ya ada. Nimejipa sababu: iko karibu, mchana nitaweza kukimbia nyumbani kumpa Baba chakula. Sababu ya kweli ni kwamba kijana wa mapokezi hakuniuliza kwa nini.

2 Aprili

Somo la kwanza. Tumefundishwa alama za barabarani kwa picha. Sawa.

9 Aprili

Picha tena. Kisha tumekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya usukani uliofungwa mezani kwa skrubu, kila mtu akazungusha kidogo. Wanafunzi kumi na mmoja. Mwenzangu mmoja akapiga honi kwa mdomo, tukacheka, kisha hatukucheka tena. Nikauliza lori litakuja lini.

"Liko gereji, dada."

16 Aprili

Liko gereji.

18 Aprili

Nimedai pesa zangu. Maneno laini yamekwisha. Kijana amenionyesha mstari mdogo chini ya risiti unaosema pesa ikishalipwa hairudi. Nimeshuka ngazi nikishika ukuta. Mvua imeninyeshea mpaka karakana na sikuona sababu ya kujikinga.

Sindano hakunitania. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Nyumbani nilinuia kunyamaza, lakini Baba akanisikia ninavyovua viatu. "Nini?" akauliza. Nikamwambia yote, nikisubiri aseme nilikukataza. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Hata moja? Hawana lori hata moja?"

"Hawana."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyetukanwa yeye.

23 Aprili

Lazima niandike hili lote.

Asubuhi Sindano alitoka kununua uzi, akarudi bila uzi, ameshika mbavu kwa kicheko. "Baba yako yuko ghorofani kule. Tangu jana, wanasema. Nenda ukajionee."

Nikakimbia. Baba yangu, ambaye hata dukani haendi bila kushikwa mkono, alikuwa ameketi kwenye benchi la juu ya ngazi, mlangoni pa shule, amevaa koti lake la harusi za watu, fimbo katikati ya magoti. Alifikaje? Kwa kupapasa ukuta, nyumba kwa nyumba. Nikabaki chini ya ngazi, hakuniona.

Akaja kijana mmoja na bahasha. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kujiandikisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri sana. Umeliona gari?"

"Gari gani?"

"Ndilo hilo ninalouliza mimi."

Kijana akasimama. Akatazama mlango, akatazama bahasha yake. Akaingia, nikasikia anauliza, nikasikia neno gereji. Akatoka na bahasha yake, akashuka. Nyuma yake wakaja mtu na mkewe. "Karibuni, wanangu. Mmeliona gari?"

Yule kijana wa mapokezi akatoka nje, shingo imemvimba. "Mzee, tunakuomba uondoke. Unatuharibia kazi."

"Mimi nasubiri gari, bwana. Nikilisikia linanguruma tu, naondoka. Nina haraka gani?"

"Benchi ni la wateja!"

"Binti yangu ni mteja. Amelipa. Nakalia nusu yake."

Yule mke alicheka mpaka akakaa ngazini. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitambaa cha kazi, na sikujua kama nacheka au nalia. Nimejua watu wengi waliokaa wakimsubiri baba yangu. Sikuwahi kumwona yeye akikaa mahali kwa ajili yangu.

25 Aprili

Wamerudisha pesa. Walimpa Baba mwenyewe mkononi, wakiomba asirudi. Akanikabidhi mezani, akaanza kula. Alipokaribia kumaliza akasema:

"Kama ni lazima ujifunze, jifunzie kwenye lori."

26 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu. Alikuwa chini ya gari lake, nikaviona viatu vya mvua tu.

"Umepata jibu?"

"Sijapata. Natamani. Hilo tu."

Mkono ukatoka chini ya gari. "Nipe spana namba kumi na tisa." Nikampa. Nikalipa ada yote, nikatoka pale mwepesi kama turubai lisilo na pete zake za chuma. Cherehani yangu imekwenda. Nimeisikitikia hadi kwenye kona ya kiwanda, basi.

3 Mei

Mwenye karakana amenipunguzia siku za kazi, na mshahara umefuata. Mvua haikatiki. Uwanja wa Mwalimu ni uji mtupu.

6 Mei

Kurudi nyuma na tela. Unakata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Unalifuata, linakukimbia, mwisho mnakutana kiwiko kwa kiwiko kama watu waliogombana kitandani. Nimeangusha mapipa yote ya alama. Nimelia, nikajifanya nafuta kioo.

"Kioo kiko nje," akasema Mwalimu. "Rudia."

7 Mei

Rudia.

10 Mei

Rudia. Pipa moja limebaki limesimama. Nimelipenda pipa lile kama mtoto.

12 Mei

Jioni zetu zimebadilika. Baba anauliza: leo gia ngapi? Klachi yake nzito au nyepesi? Kilimani ulishuka na gia gani? Ninapomjibu mikono yake inafanya kazi mezani, mguu wake unakanyaga sakafu. Leo amenieleza mteremko mmoja wenye kona saba, kona baada ya kona, mpaka chai ikapoa. Alipomaliza alikuwa anahema. Sikujua kwamba naye anatamani. Nilidhani barabara ilimchosha akaiacha. Kumbe macho ndiyo yaliyomshusha, na tangu siku ile ameketi kwenye kiti kile akisikiliza kilima kama mimi, chumba cha pili, ukuta mmoja.

Miaka yote nilimwona mtu aliyetukimbia. Sasa naanza kumwona dereva hodari ambaye siku moja, bahati mbaya, daraja lilimsaliti.

15 Mei

Nimerudi nyuma mara tatu bila kugusa pipa. Mwalimu akasema, "Mh." Sindano anasema mh ile niitie fremu.

19 Mei

Mwalimu alisema safari ya leo ni ndefu, kupanda kilima na kurudi, na kwamba amemsikia sana huyo mzee wa benchi, nije naye. Baba alinyoa ndevu. Tulimpandisha, mimi chini, Mwalimu juu, na alipokaa akapapasa kila kitu: dashibodi, mlango, mkono wa gia, kama mtu anayegusa uso wa nduguye.

Niliendesha vizuri. Naliandika hilo kwa sababu lilikuwa kweli kabla ya yaliyofuata. Mvua ilikuwa nyepesi, gari likavuta kilima bila kulalamika, na Baba pembeni yangu anaimba chini chini wimbo usio na maneno. Nilikuwa na furaha ambayo nimeitamani tangu utotoni bila kujua umbo lake.

Juu kule akauliza, "Tumepita mzani wa zamani?"

"Tumepita."

"Mbele kuna uwanja wa kokoto, upande wa kushoto. Simama hapo."

Nikasimama. Mwalimu akatutazama, akasema anakwenda kukagua matairi, akashuka.

"Hapa ndipo nilipopewa habari za mama yako," akasema Baba. "Dereva mwenzangu alinipigia taa, akashuka, akaniambia. Mkeo amefariki, nenda, wanazika kesho, wanakusubiri. Ilikuwa asubuhi."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Kutoka pale hadi nyumbani hata lori lililojaa linafika kabla ya giza.

"Daraja, Baba."

"Daraja lilikuwa zima."

Mvua ikagonga bati la juu. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo asichokiona.

"Nilizima gari. Nikasema nivute sigara moja, niwashe. Nikavuta pakiti. Nilijua nikifika itakuwa kweli, lakini hapa ilikuwa bado ni maneno ya mtu tu. Giza likaingia. Asubuhi nikasema sasa. Sikuwasha. Jua likapanda, likashuka, nikajua wameshazika. Nikakaa hata usiku ule wa pili. Kulipokucha ndipo nikawasha."

Nilikuwa njia panda, na miaka kumi na miwili, viatu vya kuazima, naambiwa nirudi ndani nami nasema atakuja, atakuja.

Mwalimu akapanda. "Uko sawa kuendesha?"

"Niko sawa."

Akaitazama mikono yangu. "Mtu aliye sawa hashiki usukani hivyo. Sogea."

Aliendesha yeye.

20 Mei

Nimepika, nimempa, nimetoka.

21 Mei

Hivyo hivyo.

22 Mei

Haniulizi habari za gia. Mikono yake iko mapajani. Nimeangusha mapipa mawili.

24 Mei

Sindano, nilipomweleza, alisimamisha cherehani. Kisha: "Mimi baba yangu alikuja mazishini, akakaa na wanaume wenzake, akala, akaondoka. Sijui wako na wangu nani alikuwepo zaidi." Sikutaka kusikia, lakini nimetembea nalo siku nzima.

27 Mei

Nimeshindwa. Nimeweka sahani mezani kwa kishindo.

"Kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshaizoea ile ya daraja."

"Kwa sababu ulianza kunipenda kwa uongo," akasema. "Na kwa sababu unaingia barabarani. Ungeingia ukiamini barabara inaweza kumzuia mtu asifike kwake. Mwanangu, barabara haikunizuia mimi. Siku ukichelewa, na utachelewa, ujue ni kipi kimekuchelewesha."

Nikakaa. Chakula kikapoa. Nilimwambia kwamba nilisimama njia panda mpaka nikabebwa. Akasema anajua, shangazi yangu alimwambia, na hakuna siku aliyopita njia panda ile bila kuzima redio.

Hatukukumbatiana wala nini. Nilimpa kijiko.

31 Mei

Mvua zinapungua. Mapipa yote yamesimama.

4 Juni

Mtihani. Mtahini, mtu wa miraba minne asiyecheka, aliniambia nirudi nyuma kati ya kuta mbili nisizowahi kuziona. Nikarudi. Akaandika, akashuka. Nimefaulu. Mwalimu akanipa mkono wake wenye grisi na kusema, "Haya, kachafuke."

10 Juni

Nimepata kazi kwa tajiri wa zamani wa Mwalimu. Safari ya kwanza wiki ijayo, mizigo ya saruji. Shangazi atahamia kwetu. Karakanani wameniaga kwa soda. Sindano amelia waziwazi, huku akinitukana.

17 Juni

Nimeondoka alfajiri. Baba alinisindikiza hadi mlangoni, akashika fremu. "Usikanyage breki mteremko mzima," akasema. Hilo ndilo lililokuwa kwaheri yetu.

20 Juni

Nimefika, nimeshusha. Mji nisioujua, watu wasionijua, jua kali. Naandika nikiwa kwenye kiti changu, mlango wazi, miguu nje. Niliitamani siku hii msimu mzima. Nimeipata, na tangu jana usiku nanusa sabuni ya nyumbani kwetu ambayo haipo humu.

Mchana wa leo ofisi imepiga simu. Kuna mzigo mwingine hapa hapa, wa kwenda mbele zaidi, malipo mazuri. Nikiuchukua, kurudi kutasogea mbele sana. Wanataka jibu leo. Moyo ulikwisha kusema ndiyo kabla hawajamaliza. Ule mlima wa mbele nauona kutoka hapa, wa bluu, sijui nyuma yake kuna nini. Nikasema nitawajibu. Nikampigia Baba.

Nilimweleza. Nikasikia anavuta kiti.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, Baba. Ukisema nirudi, narudi."

Kwa mbali Shangazi alikuwa anaosha vyombo.

"Miaka yote ile," akasema, "sikumwuliza mama yako hata mara moja. Nilikuwa natuma tu habari kwamba nimeendelea mbele." Akakohoa. "Wewe umeuliza. Nenda, mwanangu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakungoja. Ni zamu yangu."

Simu ilikwisha kukatwa nami bado nimeibana sikioni. Kisha nimewapigia ofisini, nimewaambia nauchukua. Natamani kwenda na natamani kurudi, vyote kwa nguvu moja, na sijui watu hufanya nini na kifua cha namna hii zaidi ya kufunga mlango, kukanyaga klachi na kuwasha gari.